Mbigiri za Kiwanja cha Nyuma

Mimba ya tatu ilipoingia mwezi wa nne, Mwelu alishikwa na hamu ya kitu kichachu. Mumewe, Garama, alimletea ndimu, ukwaju na maembe mabichi ya kutia pilipili. Alivionja kimoja kimoja, akavisukuma kando. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimetoka kabla ya kufika hapo, kwa hiyo Garama hakuchoka kutafuta. Alikuwa mpishi katika hoteli moja ya Diani, na kila jioni alirudi na kitu kipya mkobani, akisema, "Jaribu hiki."

Alichokitaka alikiona mwenyewe, asubuhi moja ya Februari, alipokuwa akianika nguo nyuma ya nyumba yao ya kupanga pale Ukunda. Ng'ambo ya ukuta uliobomoka palikuwa na kiwanja kilichoachwa. Nguzo sita za zege zilisimama bila paa, vyuma vyenye kutu vikichomoza vichwani mwake, na chini palijaa kokoto na vipande vya matofali. Jua la kaskazi lilikuwa limekausha mji mzima. Hata mwarobaini wa jirani ulikuwa umepukutika majani. Lakini katika pembe ya mbali ya kiwanja kile palikuwa na kiraka cha kijani kibichi, cha mviringo, kisichofika upana wa chumba.

Mwelu alipita penye pengo la ukuta akaenda kutazama. Ilikuwa ni mbigiri. Si ile itambaayo chini yenye maua ya manjano, bali ile nyingine, yenye majani yaliyochongoka kandokando na maua madogo meupe yanayokaribia uwaridi, ambayo mbegu zake zina miiba mitatu ya kuchoma visigino. Huko Shimba Hills, ambako wazazi wake walihamia kutoka Ukambani walipopewa shamba, nyanya yake aliiita song'e, na watoto waliitafuna njiani wakienda shule. Alichuma jani moja, akalipangusa kwa leso, akalitia kinywani. Uchachu ulimkaza mataya. Alichuma mengine, akala palepale amesimama, na kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi tumbo lake likatulia.

Aliporudi na konzi ya majani mkononi, jirani yake Mwanapili alikuwa mlangoni akichambua mchele. Alikuwa mama wa Kidigo aliyekaa mtaa ule tangu enzi ambazo barabara ilikuwa ya vumbi.

"Umeyatoa wapi hayo, Mwelu?"

"Hapo nyuma, Bi Mwanapili. Kiwanjani."

Mwanapili aliweka ungo chini. "Kayamwage."

"Haya ni majani tu. Kwetu twala."

"Sikatai kama yaliwa. Nasema pale mahali. Wamewekwa walinzi watatu tangu ujenzi usimame, na wote watatu waliondoka mchana, wala hawakurudi kuaga."

"Waliona nini?"

"Hawakuona, walisikia. Na usiniulize walisikia nini, maana mimi sikuwauliza. Una mzigo tumboni. Kayamwage, mwanangu."

Mwelu aliitikia kwa heshima, akaingia ndani, akayala yaliyobaki. Alikuwa mtu wa kanisa na hakupenda kusikiliza habari za majini. Kesho yake alirudi kiwanjani, na kesho kutwa pia.

Ilikuwa katikati ya juma lililofuata alipoisikia sauti. Adhuhuri ilikuwa haijaadhiniwa, na mji ulikuwa umenyamaza kwa joto, hata bodaboda hazikusikika. Alikuwa ameinama akichuma aliposikia mtu akikohoa. Kilikuwa kikohozi kifupi, kikavu, cha mtu aliyeingiwa na vumbi kooni. Alidhani kuna mtu amejipumzisha nyuma ya nguzo, akainuka kumsalimu. Hapakuwa na mtu. Aliinama tena, na hapo ndipo aliposikia neno. Mwanzo alidhani ni Kikamba, *manzi*, kama nyanya yake alivyokuwa akimtuma maji. Nywele zikamsimama, kwa kuwa nyanya alikuwa amekufa miaka mingi. Kisha likasemwa tena, na halikuwa Kikamba. *Madzi.* Ndivyo wanavyosema akina Garama, Waduruma, na ndivyo wanavyosema Wadigo. Lilitokea chini, karibu sana na mikono yake.

Alirudi nyumbani bila kukimbia, kwa sababu alimwogopea mtoto. Alikaa kitandani akijiambia kwamba ni watu wa barabarani, na kwamba sauti husafiri mahali penye zege tupu. Kinywani uchachu ulikuwa umegeuka ladha ya udongo, na maji hayakuuondoa.

Lililomtisha zaidi ni kwamba hamu haikuondoka. Kila ilipokaribia saa sita alijikuta akisogea mlangoni. Alijizuia siku mbili. Siku ya tatu alikwenda, akachuma haraka haraka kama mwizi, na alipokuwa akitafuna, mtoto akacheza tumboni kwa mara ya kwanza. Mwelu alishika tumbo kwa mikono miwili, akalia kwa furaha na kwa hofu, akiwa peke yake katikati ya nguzo zile. Mimba zake za awali hazikuwahi kucheza. Sauti ikaomba maji tena.

Siku iliyofuata alibeba jagi. Hakujua afanye nini, akamimina maji yote juu ya ile mbigiri, polepole, mpaka ardhi ikanywa. Siku mbili nzima palikuwa kimya. Baadaye sauti ikarudi, naye akarudi na jagi. Hakumwambia Garama. Alijua angemhamisha mtaa siku hiyo hiyo.

Jumamosi moja, akiwa na jagi mkononi, alimkuta mwanamke mzee ameketi juu ya jiwe nje ya kiwanja, upande wa njia, amejifunga leso mbili zilizopauka. Alikumbuka kwamba amewahi kumwona hapo Jumamosi nyingine, akadhani ni mtu anayengoja usafiri. Lakini mtu angojaye usafiri hutazama barabarani, na huyu aliitazama nguzo moja baada ya nyingine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Jua kali. Nikupe maji?"

Mzee alipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa. Jina lake lilikuwa Jumwa, na alitoka bara ya Kwale, ng'ambo ya Kinango, kwenye nchi kavu ya mbuzi na ng'ombe.

"Mwangoja mtu?" Mwelu aliuliza.

"Namngoja mwanangu, Kavumbi. Alifanya kazi hapa."

Alieleza bila kuharakisha, kwa namna ya mtu aliyekwisha kueleza jambo mara nyingi kwa watu wasiomsikiliza. Miaka mitatu iliyopita Kavumbi alikuja Ukunda kutafuta kibarua, akapata cha kuchimba katika ujenzi huu. Alipiga simu siku ya Alhamisi, akasema anamaliza shimo la choo, na Jumapili atakuja nyumbani. Hakuja. Jumwa alipomfuata, msimamizi wa ujenzi alimwambia kijana amemaliza kazi yake akaenda zake, labda amepita Jego akavuka mpaka na wenzake kuingia Tanzania. Mwezi haukuisha, ujenzi ukasimama, na msimamizi mwenyewe akapotea. Polisi walimwambia mtu mzima hakatazwi kwenda atakako. Nyumbani walikuwa wamekwisha kusema mzee amerukwa na akili.

"Shimo la choo?" Mwelu aliuliza. "Alichimba hapa hapa?"

"Hapa hapa. Aliniambia ni refu, akiwa chini haoni ila duara la mbingu."

Mwelu aligeuka kukitazama kiwanja. Alikuwa amekipita chote kwa majuma kadhaa akitazama anapokanyaga, kwa sababu ya tumbo. Palikuwa na nguzo, kokoto, matofali. Shimo halikuwapo. Palikuwa na kile kiraka cha mviringo kwenye pembe, kijani kibichi wakati kila kitu kimekauka. Naye alikuwa mtoto wa shamba. Alijua, kama kila mtoto wa shamba anavyojua, mahali song'e inapopenda kuota. Haihitaji kupandwa. Huota palipolimwa, palipofukuliwa, mahali ambapo udongo wa chini umeletwa juu. Kaburi la nyanya yake lilikuwa limefunikwa nayo kabla ya mvua ya pili.

"Ngojea hapa, mama," alisema kwa shida. Aliingia ndani, akatapika mpaka tumbo likabaki halina kitu.

Siku hiyo hakumwambia Jumwa neno. Alimwambia Garama, alipotoka kazini, nao wakiwa wameketi mezani chakula kikipoa. Alimweleza yote: majani, kikohozi, maji.

Garama aliuliza jambo moja kwanza. "Umekula mara ngapi?"

"Karibu kila siku."

Alisukuma sahani. "Usiende tena. Na usimwambie mtu. Kiwanja kile ni cha Swabir, na nyumba hii ni ya Swabir. Tukianza maneno tutalala wapi, na wewe hali hii?"

"Yule mama anakuja kila Jumamosi, Garama."

"Huna hakika."

"Sina. Ndiyo maana nataka wachimbe."

"Na wakikuta mchanga mtupu?"

"Nitaomba radhi."

"Na wakimkuta?"

Mwelu aliliwaza tumbo lake, na majani yote yaliyopita humo. "Atakuwa Mduruma mwenzako asiye na kaburi," alisema mwishowe. Garama aliondoka mezani, akasimama uani, akiupa mgongo ule ukuta.

Juma zima hawakulizungumza. Mwelu hakwenda kiwanjani, lakini kila adhuhuri alikisikia kikohozi hata akiwa jikoni, na aliwasha redio ili kukifunika. Alianza kumwogopa mtoto wake mwenyewe. Alipocheza, hakujua tena ni nani anayecheza.

Jumamosi Garama hakwenda kazini. Alivaa shati safi, akatoka nje mzee alipofika, akamsalimu kwa Kiduruma. Mwelu aliwatazama kutoka mlangoni. Waliulizana ukoo, waliulizana visima na malisho, na ikatokea kwamba Jumwa aliolewa kijiji cha pili kutoka kwa wajomba zake Garama. Walikaa kitambo kirefu. Mara moja alimwona Garama ameshika kichwa. Aliporudi, macho yake yalikuwa mekundu.

"Jitayarishe," alimwambia. "Twaenda kwa Swabir, sote watatu. Nimeshamwambia yule mama kile unachokidhani."

"Amesemaje?"

"Amesema alijua siku moja mtu atamwambia."

Swabir alikuwa mfanyabiashara mzee wa Msambweni, na nyumba yake ilikuwa nyuma ya duka lake kwenye barabara kuu. Aliwakaribisha sebuleni, akaagiza kahawa na tende, akauliza hali za nyumbani kwao kabla ya kuuliza shida yao. Garama ndiye aliyeeleza. Alisema habari za shimo lisiloonekana na mbigiri iliyoota mviringo. Habari za sauti hakuzitaja, na Mwelu alimshukuru moyoni.

Mzee alisikiliza akizungusha kikombe. Kiwanja alikuwa amekinunua baada ya ujenzi kusimama, kutoka kwa watu ambao sasa simu zao hazikupatikana, na alikuwa karibu kumwuzia mtu wa Nairobi.

"Nikiwaambia sikujua, nitakuwa nimesema kweli," alisema. "Mlinzi wa tatu aliniletea ufunguo hapa hapa. Akaniambia, 'Mzee, pale mahali pana mwenyewe.' Nikamwambia aache bangi. Sikumwuliza amekusudia nini. Ningaliuliza, huyu mama asingalikaa juani miaka yote hii." Alimgeukia Jumwa. "Uniwie radhi, dada yangu. Mimi mwenyewe nitakwenda polisi."

Naye alikwenda. Kibali kilichukua majuma mawili, na bila yeye yangalizidi.

Siku ya kuchimba, maafisa walizungusha utepe kwenye nguzo, na mtaa mzima ukaja kusimama ng'ambo ya ukuta. Mwanapili alimwambia Mwelu akae ndani, kisha alipoona hasikii, akamletea kiti akaketi naye penye pengo, amemshika mkono. Wachimbaji walianza kwa kuifyeka mbigiri, na harufu chachu ya majani yaliyopondeka ikajaa hewani hata mate yakamjaa Mwelu kinywani. Aliona haya, kana kwamba watu wote wanayaona mate yale. Udongo wa chini ulikuwa laini, majembe yakazama bila kazi. Walifika kiunoni, wakafika mabegani. Mtu mmoja akasema, "Simameni."

Aliyefukiwa humo alikuwa amesimama wima, mkono mmoja juu ya kichwa. Cha kwanza kuonekana kilikuwa mifupa ya mkono huo, na juu yake bangili ya shaba.

Jumwa aliitwa aitazame bangili. Aliitazama, akasema ni ya baba yake Kavumbi. Hakupiga kelele. Alijivua leso moja, akaitandika chini kando ya shimo, akakaa juu yake, na hakuna afisa aliyethubutu kumwondoa mpaka kazi ilipokwisha. Afisa mkubwa alichutama mbele yake, akamwambia kwamba mchanga ukiporomoka huua mara moja, kwamba kijana hakuumia, na kwamba msimamizi yule atatafutwa. Mpaka leo hajapatikana.

Walimzika Kavumbi bara, nyumbani kwao, mwanzoni mwa Aprili, mawingu ya masika yakiwa yamejikusanya. Wanawake walisema mwenye mimba hakaribii kaburi, kwa hiyo Mwelu aliachwa nyumbani kwa Jumwa pamoja na wapishi. Watu waliporudi, mzee alikuja kuketi naye ndani, kwenye mkeka, miguu yake bado ina udongo mwekundu. Nje watu walikuwa wakinawa mikono.

"Ulijuaje?" Jumwa aliuliza.

"Kwa yale majani, mama. Kama alivyosema Garama."

"Kwa majani tu? Hukusikia kitu?"

Mwelu alilikumbuka neno la yule afisa. Mara moja. Hakuumia. Kama kijana alikufa mara moja, hangeomba maji. Alimtazama mama huyu aliyetoka kuzika sasa hivi, akaona hakuna haja ya kumpa mzigo mwingine.

"Sikusikia kitu, mama."

Jumwa alitikisa kichwa taratibu. Uso wake ukazeeka papo hapo. "Basi ilikuwa ni mimi peke yangu," alisema. "Wenzangu walisema kweli. Ni akili yangu."

Mwelu akafahamu kwa nini mtu angetoka ng'ambo ya Kinango kila Jumamosi, kwa miaka mitatu, kuja kuketi juu ya jiwe.

"Nimekudanganya," alisema. "Nilimsikia. Alikuwa akikohoa, na alikuwa akiomba maji. Nilimpelekea. Nilimmwagia kwa jagi, mara nyingi."

Mzee alimshika kifundo cha mkono. "Aliomba vipi? Alikasirika?"

"Hapana. Aliomba polepole. Kama mtu ambaye hataki kusumbua wenye nyumba."

Jumwa alifumba macho, na machozi ambayo hayakutoka kiwanjani wala kaburini yakaanza kutoka. "Ndiye," alisema. "Ndiye huyo."

Mtoto alizaliwa Julai, katika hospitali ya Msambweni. Alikuwa msichana mwenye sauti kubwa. Mwelu alimgeuza na kumkagua vidole, masikio, nyayo, akitafuta alama ambayo hakujua ingefanana na nini. Hakuiona. Jumwa alikuja kumwosha siku ya tatu, akamwimbia kwa Kiduruma, akarudi kwake. Swabir hakukiuza kile kiwanja. Alikizungushia ukuta, akakiacha. Aliwapa Mwelu na Garama nyumba nyingine, huko Msambweni, mbali na pale, nao wakahama kabla ya mtoto kutimiza arobaini. Sauti haikuwafuata. Mwelu hajamwambia mtu kwamba majuma ya kwanza alikuwa akizima redio saa sita ili asikilize kama imekuja.

Lakini mbigiri aliikuta Msambweni pia, kama inavyokutwa kila mahali mji unapojengwa. Iko kando ya lami mpya, iko kwenye misingi, iko palipolazwa mabomba. Wengine huipita bila kuiona. Yeye kila kiraka kipya humsimamisha.

Mwaka uliofuata, mtoto akiwa mgongoni, alikuwa akitoka dukani alipokuta vibarua wakichimba shimo refu kando ya njia. Mbigiri ilikuwa imeanza kuota kwenye kifusi cha juma lililopita. Alisimama. Kofia zao zilionekana chini, na majembe yakipanda na kushuka.

"Mama, umepoteza kitu?" mmoja aliuliza kutoka chini.

"La. Mko wangapi humo?"

Walitazamana. "Wanne."

"Mwatoka saa ngapi?"

"Sasa hivi, kula."

Mwelu alisogea kivulini, akamhamisha mtoto begani, akangoja. Walitoka mmoja mmoja wakijipangusa: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wakaanza kunawa kwenye ndoo na kutaniana. Wa nne hakutoka. Mwelu akafungua kinywa kuwaita. Ndipo mkono ukashika ukingo wa shimo, mkono mwingine ukafuata, na kijana akajivuta juu, mchanga umemjaa nyusi, akicheka kwa jambo alilolisema peke yake huko chini.

Mwelu alingoja mpaka kijana amesimama wima juu ya ardhi, mbali na ukingo. Ndipo akaenda zake.